Tusimlaumu mwalimu kwa mlango tuliomfungulia wenyewe



Leo naomba tuingie pamoja katika ofisi ya walimu. Sisemi ofisi ya mwalimu mkuu. Nasema kile chumba chenye meza ndefu iliyojaa madaftari, birika la chai pembeni, na ratiba ya vipindi imebandikwa ukutani kwa ugali wa moto. Wengi wetu tuliingia humo tukiwa wanafunzi, mara nyingi kwenda kuadhibiwa, tukatoka bila kuwatazama vizuri waliokuwamo. Mimi kwa kazi yangu hii ya utangazaji nimeingia katika ofisi nyingi za namna hiyo, hapa Bukoba mjini na huko Muleba, milimani na visiwani. Nimeona kwamba mtu akitaka kuijua historia ya elimu ya nchi hii, si lazima aanzie kwenye makabati ya Wizara. Na aketi hapo mezani, amuulize kila mmoja: "Mwalimu, wewe uliingia kazini mwaka gani, na kwa njia ipi?"

Mwaka 2022 nilialikwa kwenye sherehe ndogo ya kumuaga mwalimu aliyefikisha miaka 60, katika shule moja ya msingi wilayani Muleba. Mzee huyo alinifundisha darasa la pili. Nilipomwamkia shikamoo alinishika mkono, akanitazama, akauliza kama bado naandika herufi "g" kichwa chini. Watu wakacheka, nami nikacheka, maana ni kweli.

Mezani tulikuwa na mzee huyo. Kulia kwake aliketi mwalimu mama wa makamo, aliyeanza kazi mwaka 2003. Mbele yao alikuwapo kijana mwenye shahada ya chuo kikuu, aliyesomea kufundisha historia na Kiswahili sekondari, lakini sasa akifundisha darasa la tatu. Na aliyekuwa akitumiminia chai ni binti mwenye cheti cha ualimu, aliyekuwa akifundisha hapo kwa kujitolea, bila mshahara wa serikali. Walimu wanne, chumba kimoja, kazi moja. Lakini kila mmoja alikuwa ameingia kwa mlango wake, na kila mlango ulifunguliwa na mageuzi fulani ya elimu. Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo.

Sisi wa Kagera hatukuanza mambo ya shule jana. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Kashozi mwaka 1892, na baadaye Walutheri na Waanglikana nao wakawa na shule zao. Mwalimu wa enzi hizo mara nyingi alikuwa pia katekista au mwinjilisti. Alifundisha kusoma wiki nzima, na Jumapili akaongoza sala. Mkatoliki alifundisha kwa Wakatoliki, Mlutheri kwa Walutheri, na Mwislamu alikuwa na nafasi finyu. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Serikali ikazichukua shule hizo, na mwalimu akawa mtumishi wa umma anayeweza kupangwa popote. Mtu wa Kigoma akaja kufundisha Kamachumu, na Mhaya akaenda Lindi. Kwa sheria moja tu, sura ya ofisi ya walimu ikabadilika kwa dini na kwa kabila. Mimi nasema yalikuwa mabadiliko mema, na umoja wetu umefaidika nayo.

Sasa tumrudie mzee wangu. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Novemba 1974, chama tawala kilipokutana Musoma, kiliamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe ifikapo mwaka 1977. Wakati huo watoto waliokuwa shule za msingi nchi nzima walikuwa kama milioni 1.2. Mwanzoni mwa miaka ya themanini walikuwa wamefika milioni 3.5. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, kwa matofali na kwa miti. Lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Vyuo vilivyokuwapo visingeweza hata kidogo kutoa walimu kwa kasi hiyo.

Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa vijijini, wakapelekwa darasani. Sehemu ya siku walifundisha, na sehemu nyingine walifundishwa wao. Walipewa vijitabu vya elimu kwa njia ya posta, walitembelewa na wakufunzi, na walisikiliza masomo redioni. Naam, redioni! Mzee aliniambia kuwa alijifunza namna ya kufundisha hesabu akiwa ameegemeza sikio kwenye redio ya mkulima, na betri zikichoka alizianika juani. Kati ya miaka ya 1976 na 1981 karibu watu 38,000 walihitimu kwa njia hiyo. Baada ya hapo wengi walifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini.

Na sisi tuliwalipa nini? Tuliwapa jina la kejeli. Herufi za UPE tukazigeuza kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Wazazi walilisema hilo vilabuni, watoto wakalisikia. Mzee hakuwahi kulisahau. Siku ile ya kuagwa alisema maneno machache tu: "Mimi sikujipachika. Niliitwa na mwenyekiti wa kijiji, nikaambiwa taifa linanihitaji. Nikaenda. Walioniita ndio baadaye walionicheka." Mezani pakawa kimya kidogo.

Miaka ya themanini na tisini ilikuwa migumu kwetu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimetuachia makovu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata tulizika walimu pamoja na wakulima na wafanyabiashara. Serikali nayo, ikibanwa na masharti ya kupunguza matumizi, haikuweza kuajiri ilivyotaka. Michango ya shule ikarudi, na watoto wengi wakabaki nyumbani.

Hapo tunafika kwa yule mwalimu mama. Ada na michango ya lazima shule za msingi iliondolewa tena, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, tuliouzoea kwa jina la MMEM. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000. Kufikia mwaka 2005 walikuwa milioni 7.5. Mwalimu mama huyu alikaa chuoni mwaka mmoja badala ya miwili, na mwaka wa pili aliutumia akiwa tayari darasani. Ananiambia kuwa darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja, wengine wameketi sakafuni, na wakubwa kwa wadogo wamechanganyika. Alikuwa na miaka 21.

Jamani, mnaona mfano unavyojirudia? Kwanza tunatangaza watoto wote waje. Kisha tunajenga. Kisha tunahesabu madawati. Mwisho kabisa ndipo tunauliza: nani atafundisha? Na kwa kuwa tumechelewa kuuliza, tunamchukua aliye karibu na asiye na gharama kubwa, tunamfupishia mafunzo, halafu tunamlaumu kwa sababu mafunzo yake yalikuwa mafupi.

Kuanzia mwaka 2006 tuliambiwa kila kata iwe na sekondari. Watu wa Bukoba Vijijini na Muleba walijitokeza kwa mawe, mchanga na fedha, kama ilivyo desturi yetu. Shule zilifunguliwa nyingine zikiwa na walimu wawili au watatu. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa huko. Mara hii jina la kejeli lilitoka kwenye simu za mkononi. Tuliwaita "vodafasta", kwa kuwa walipatikana haraka kama salio.

Serikali iliona tatizo hilo na ikafungua vyuo vikuu. Vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa vilianza mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza mwaka 2007. Hapo ndipo anapotokea yule kijana wetu mwenye shahada. Basi lilikuwa jambo jema? Lilikuwa jema, lakini sikilizeni lilivyokwenda. Sekondari nyingi za kata hazikuwa na maabara. Mtoto anayesoma kemia bila kuona hata chupa moja ya kemia hawezi kuipenda wala kuifaulu. Kwa hiyo wengi walichagua historia, jiografia, uraia na lugha. Walipofika chuo kikuu wakasomea ualimu wa masomo hayo hayo. Wakarudi kufundisha shule zile zile zisizo na mwalimu wa fizikia, nao wakazalisha wengine kama wao. Ukosefu wa maabara wa mwaka 2006 ukawa ukosefu wa walimu wa sayansi miaka kumi baadaye.

Mwaka 2014 ilianzishwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati pale Dodoma ili kuziba pengo hilo. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa kozi hiyo wakarudishwa nyumbani kwa siku moja. Baadaye waliotimiza sifa walipelekwa vyuo vingine, lakini tayari muda ulikuwa umepotea.

Januari 2016 elimu bila ada ilianza kuanzia awali hadi kidato cha nne. Madarasa ya kwanza yakafurika tena. Wakati huo huo ajira mpya serikalini zilikuwa zimesimamishwa ili kuhakiki watumishi. Aprili 2017 orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi ilikabidhiwa kwa Rais, na baadhi yao walikuwa walimu. Sitetei kughushi. Nasema tu kwamba darasa lililoachwa wazi siku hiyo halikupata mtu siku iliyofuata. Ili kupunguza pengo, walimu wa masomo ya sanaa waliohesabiwa kuwa wamezidi sekondari walihamishiwa shule za msingi. Ndivyo kijana wetu alivyojikuta na kundi la watoto wa miaka tisa. "Nilifundishwa kuchambua sababu za Vita vya Maji Maji," aliniambia, "hakuna aliyenifundisha namna ya kumfundisha mtoto kusoma." Leo anaweza, kwa sababu yule mwalimu mama aliyeketi karibu naye ndiye aliyemfundisha. Mwalimu wa MMEM akamfundisha kazi mwenye shahada. Tuwe waangalifu na dharau zetu.

Sasa tuje kwa binti wa chai. Huyu hakuingia kwa mlango wowote, amesimama kizingitini. Amesoma, amefaulu, ana cheti. Kila serikali inapotangaza nafasi, waombaji huwa wengi mno kuliko nafasi. Mwaka 2023 zilitangazwa nafasi 13,130 za walimu, na waombaji walizizidi mara nyingi. Na tangu ajira za walimu zilipoanza kupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira, kijana aliyemaliza chuo miaka saba iliyopita hukaa mtihani pamoja na aliyemaliza mwaka jana.

Wakati huo huo shule ina vipindi visivyo na mwalimu. Kwa hiyo kamati ya shule inamwomba binti aje asaidie. Anapewa nini? Wazazi wanaojiweza huchanga shilingi mbili tatu kwa hiari yao, maana michango ya lazima imekatazwa. Wakati wa mavuno ya kahawa fedha huonekana. Kahawa ikiisha, anapewa mkungu wa ndizi na asante. Nilimuuliza kwa nini anaendelea. Akasema: "Nikikaa nyumbani nitasahau kazi. Na watoto hawa wameshanizoea." Mimi sikuwa na swali lingine.

Jirani zetu nao wameyaona haya. Uganda, hatua chache tu kutoka Mutukula, ilifuta ada za msingi mwaka 1997 na kukutana na madarasa yaliyofurika. Kenya ilipoanzisha sekondari za chini mwaka 2023 ilichukua maelfu ya walimu kwa mkataba wa muda wenye malipo madogo. Mwaka 2024 walimu hao waligoma wakidai ajira ya kudumu. Mwalimu wa bei rahisi hubaki rahisi kwa muda tu.

Kuna jambo la pili kuhusu ofisi zetu za walimu, nalo halihusu mwaka bali mahali. Ingia shule ya msingi hapa Bukoba mjini. Utakuta walimu wengi, na wengi wao ni akina mama. Wengi wamehamia kwa kuwafuata waume zao, na taratibu za utumishi zinaruhusu. Panda basi uende Muleba kupitia Kemondo na Muhutwe, kisha ushuke ziwani, uvuke kwa mtumbwi wa injini hadi visiwani, upande wa Bumbire na Ikuza. Nimefika kisiwa kimoja ambako ofisi nzima ilikuwa ya wanaume vijana, wanne kwa madarasa yote. Mwalimu wa kike alipangiwa huko akakuta chumba cha kupanga ni kibanda cha mabati katikati ya kambi ya wavuvi, kelele usiku kucha, na zahanati ni safari ya maji. Alikaa muhula mmoja akaomba uhamisho. Nani atamlaumu? Lakini msichana wa darasa la sita pale kisiwani, anapopata hedhi kwa mara ya kwanza, amwendee nani? Na atamwona wapi mwanamke aliyesoma, ili naye aseme "nitakuwa kama yule"?

Kwa hiyo hesabu ya walimu wa wilaya haitoshi. Wilaya inaweza kuwa na walimu wa kutosha kwenye karatasi, huku mjini wakigawana vipindi na kisiwani mmoja akirukia madarasa mawili kwa wakati mmoja.

Ndugu wasikilizaji, nasema haya sasa kwa sababu mageuzi mengine yako mlangoni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeshaanza kutekelezwa. Elimu ya msingi itakuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima itakuwa miaka kumi. Mitaala mipya ilianza Januari 2024, na Kiingereza sasa kinafundishwa tangu darasa la kwanza. Sekondari kuna mkondo wa amali, yaani mtoto ajifunze ufundi, kilimo na kazi nyingine za mikono. Hesabuni nami. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027. Waliokuwa la nne watamaliza la saba mwaka huo huo wa 2027. Januari 2028 makundi yote mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza siku moja.

Je, ni nani atawafundisha? Fundi seremala wa Kamachumu anayejua kazi lakini hana cheti, ataingia darasani kwa mlango upi? Kiingereza cha darasa la kwanza kitafundishwa na nani kisiwani? Wazee wa UPE wameondoka wote, hakuna tena wa kumwita kupitia mwenyekiti wa kijiji.

Mimi si mtaalamu wa Wizara, ni mtangazaji tu. Lakini nimekaa kwenye meza hizo, na naomba mambo matatu. La kwanza, kabla ya kumwaga zege la darasa jipya, kata iseme mwalimu wake ni nani na atalala wapi. Nyumba ya mwalimu kisiwani si anasa, bila hiyo hatutampata mwalimu wa kike. La pili, anayejitolea apimwe kwa kazi aliyokwisha kuifanya, na miaka yake darasani ihesabiwe anapoomba ajira. La tatu, ikiwa lazima tufupishe mafunzo kwa sababu ya haraka, basi tuweke na siku ya kuyarefusha. Mzee wangu alisubiri zaidi ya miaka ishirini kupata nafasi ya kujiendeleza hadi daraja la A, akisoma na vijana wa umri wa watoto wake.

Sherehe ile ilikwisha jioni. Mzee alipewa baiskeli, blanketi na godoro. Alipotaka kuondoka alimwita yule binti wa kujitolea, akamkabidhi kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ilikuwa rula ndefu ya mbao ya ubaoni, imelainika kwa kushikwa miaka mingi. Akamwambia, "Mwanangu, mimi nilianza kabla ya kusoma, wewe umesoma na hujaanza. Shika hii."

Nilipopita tena shuleni hapo mwaka uliofuata, rula ilikuwa ukutani, imetundikwa kwenye msumari. Binti hakuwapo. Mwalimu mkuu aliniambia ameajiriwa duka la vifaa vya ujenzi mjini Bukoba, na darasa lake limeunganishwa na jingine.